Wakwe Nyuma ya Wambeti

Asubuhi ya mchujo wa chama, mwishoni mwa mwaka 1997, Wambeti alivaa gauni lake la kanisani na mabuti ya mpira, kwa kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimeugeuza uwanja wa mnada wa mbuzi wa Ishiara kuwa tope tupu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mkulima wa ndengu na mtama, mwalimu wa watu wazima katika darasa la ngumbaru, na mama aliyeozesha mabinti watano, wote humu humu katani. Sasa aliutaka udiwani.

Aliutaka kwa sababu iliyomkera kwa miaka mingi: kata ile haikuwahi kuwa na diwani anayelala ndani yake. Kivuti, aliyekikalia kiti, alizaliwa hapa kweli, lakini aliishi mtaa wa Dallas mjini Embu, akija kwao kama mgeni wa harusi: anakula, anasifiwa, anaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Wambeere, watu wa huku, walikuwa wamepewa wilaya yao mwaka uliotangulia tu. Wilaya ya nini, aliuliza Wambeti, ikiwa bado tutaongozwa kutoka Dallas?

Kura ilikuwa ya foleni. Mgombea au wakala wake angesimama mbele, wafuasi wajipange nyuma, wahesabiwe. Igoki, rafiki yake wa tangu utotoni, alijitolea kuwa wakala. Wambeti akakataa, akisema amechoshwa na viongozi wanaotuma watu.

Filimbi ilipolia, wanawake walimjia kwa wingi, wengine na watoto mgongoni. Foleni ya Kivuti ilifika langoni. Wambeti aligeuka kuitazama yake, akaona jambo lililomshangaza kuliko kumuumiza. Wanaume zaidi ya mia moja walikuwa wameegemea ua, kofia mikononi, hawapo kwake wala kwa Kivuti. Miongoni mwao alikuwa Njeru, mume wa binti yake wa kwanza. Mtu atembee topeni tangu alfajiri, kisha aje kuegemea ua? Kwa nini?

Kivuti naye aliwaona. "Mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "hata wakwe zako wamekususa. Atakufuata nani sasa, mbuzi?" Foleni yake ikaangua kicheko.

Wambeti alimtuma Igoki kwa Njeru, akimwonya asiwabembeleze. Alitaka kujua tu.

Igoki alirudi amejiziba mdomo asicheke. "Njeru anasema, mwambie mama tumekuja kumpigia kura, si kumpumulia kisogoni."

Desturi ya pale yajulikana: mwanamume hamkaribii mama mkwe wake; wakikutana njiani, mwanamume huacha njia. Wala ukwe haukomi kwa mume wa binti. Ndugu zake na wanarika wake wote humhesabu mama yule kuwa mkwe wao. Mabinti watano, vijiji vitano: nusu ya wanaume wa kata hawangeweza kusimama mgongoni kwake bila kumvunjia heshima. Wambeti angeweza kuwaambia kwamba zama zimebadilika. Lakini alipowatazama wale watu waliolowa chepechepe, waliokataa katakata kumwendea Kivuti, alitambua kwamba kosa halikuwa lao. Yeye, mwenyeji, ndiye aliyepanga foleni kama mtu wa Dallas.

Dawa ilikuwa moja, nayo chungu. Igoki alizaa wavulana watupu. Hakuwa mama mkwe wa mwanamume yeyote. Ashike nafasi ya mbele, na Wambeti aondoke uwanjani kabisa, hesabu aiache mikononi mwa msimamizi aliyeletwa na gari la Kivuti. Alisitasita. Kisha akamsukuma Igoki mbele kwa upole, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa josho la ng'ombe, mahali asipoona kitu.

Alisikia tu. Kwanza nyayo nyingi zikikanyaga tope, na mzaha wa Kivuti ukikatika ghafla. Kisha sauti ya msimamizi: Kivuti, mia mbili kumi na sita. Ikaanza foleni ya pili. Ilipofika mia mbili na tisa, sauti ilinyamaza. Wambeti aliubana ukuta kwa viganja.

"Endelea, mwanangu," akamsikia Igoki. "Watu bado wapo, na mimi sina haraka."

Mia mbili hamsini na tatu.

Alipoitwa kutia sahihi, foleni yake mwenyewe ilipasuka katikati: wanaume waliruka kando, wengine hadi magotini topeni, nyuso wamezielekeza kwingine. Wambeti alipita, akasaini, kisha akamgeukia msimamizi kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ukumbi wetu wa mikutano una milango mingapi?"

"Mmoja tu, mama."

"Toboeni mwingine kabla ya uchaguzi wa Desemba, wakwe zangu wapate pa kupitia."