Ngaire na Swali Kuhusu Mdogo Wake

Saa kumi na moja jioni, watu wa mji wa Dunedin, New Zealand, wakirudi makwao, Ngaire Pohatu anavaa hedifoni na kuanza kazi. "Je, wewe ni mtu wa kukasirika upesi?" anauliza. Anajibiwa, anabonyeza namba kati ya moja na tano, anaendelea. Wengine humkatia simu. Kuna bwana mmoja humwimbia kwanza.

Huwauliza watu walewale maswali yaleyale kila baada ya miaka mitano, tangu ujana hadi mvi. Majibu yanakwenda kwa Fergus, mtakwimu wa utafiti, anayemchorea kila mtu mstari wa jinsi tabia yake ilivyobadilika, kisha mstari mmoja wa wote.

"Mstari wa wote unasema hasira hupungua na umri," anasema Ngaire. "Mimi namsumbua: na aliyekuwa mkali kupindukia je? Ananiambia, 'Dada, huo ni wastani. Wa mtu mmoja siwezi kukuapia.'"

Anayemuulizia ni mdogo wake, Tamihana, mkata manyoya ya kondoo huko mjini Gore. Waligombana kwenye msiba wa mama yao, juu ya wapi azikwe, na tangu hapo Tamihana hapokei simu ya dada yake.

Ya utafiti anapokea, maana naye ni mmoja wa wahojiwa. Ila mpigaji haruhusiwi kumhoji nduguye, kwa hiyo anayempigia ni Shona, wa meza ya pili.

"Namwona Shona anacheka naye, halafu haruhusiwi kuniambia kitu," anasema Ngaire. "Nimetamani hata nimsikie akikohoa tu."

Mwaka huu kumeongezwa jambo: kila mhojiwa anamtaja mtu anayemfahamu vizuri, na mtu huyo anaulizwa habari za mhojiwa. Wiki iliyopita simu ya Ngaire ikalia. Ni Shona.

"We Shona, unanipigia na tunaonana?"

"Nyamaza, ndio utaratibu. Bi Pohatu, Tamihana Pohatu amekutaja wewe kuwa unamfahamu kuliko wote. Je, ni mtu wa kukasirika upesi?"

Hasira za mdogo wake za zamani Ngaire anazijua zote; za leo hazijui.

Na kujibu kwa kumbukumbu ndiko kunakomkera Fergus. "Ndugu humwona mtu yule wa zamani," anasema. "Mwenyewe kabadilika, sisi tunachora kana kwamba yuko palepale."

Ngaire akaomba muda. "Mwisho Jumatatu, bibie," Shona akamwambia. "Na usinililie hapa, nina watu wa kupigia."

Anaponisimulia, machozi yanamtoka na hayafuti. "Angeweza kumtaja mkewe. Kanitaja mimi, nisiyejua hata kama ana mvi."

Jumamosi hii anakwenda Gore, bila kumwarifu Tamihana.

"Nitabisha hodi. Akinifukuza, nitakuwa na jibu la kumpa Shona. Akinikaribisha ndani, nitakuwa nalo pia. Lakini Mungu anisamehe, utafiti wenyewe sasa siujali. Namtaka mdogo wangu."