Joto la Nyumbani kwa Gauthier

Kinyozi hajinyoi, lakini Gauthier alizidi. Jirani yangu huyu ni asistenti wa chuo kikuu hapa Bunia, na anatafuta shahada ya udaktari kwa kuchunguza joto la mji: miti imegeuzwa makaa, mabati yamejaa kila mtaa, basi tunaokwa. Kwa hilo sibishani naye. Jua la Januari linanichoma mimi pia, nami sina diploma.

Shida ilikuwa kidude chake. Kilikuwa kipimo cheupe kinachopima joto na kutuma hesabu kwenye simu. Katika Bunia nzima alichagua kukitundika chumbani kwake, kwa kamba kutoka kwenye boriti, chini ya mabati matupu, kwa sababu hakujua nyumba yenye joto kuliko yake. Ndiyo akili ya wasomi wetu: mtu nyumba yake inaungua, yeye analeta kipimo.

Mkewe Nadège, anayeuza samaki wa Tchomia sokoni, alikuwa na shida nyingine. Mtoto wao Plamedi, ambaye hata kutembea bado, hakuweza kulala mchana. Shingo na mgongo vilijaa vipele vya joto, na kilio chake kilivuka ua hadi kwangu. Nadège alitaka dari tu, tena kwa faida ya samaki wake mwenyewe.

"Baba Plamedi, acha niite fundi aweke plafond."

"Hapana, Mama Plamedi. Utaharibu recherche yangu. Vumilia mpaka soutenance."

"Mutoto iko anaungua."

"Njo maana hii nyumba iko muzuri kwa recherche."

Recherche ni huo utafiti wake, na soutenance ni siku ya kuutetea mbele ya maprofesa. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, nikamchukia siku nzima.

Baadaye chuo kikaja kupanda miti mtaani kwetu ili kupoza mji. Kulikuwa na hotuba, fulana mpya na picha nyingi. Mbuzi walingoja kwa adabu hadi wakubwa walipoondoka, wakala miche yote. Gauthier hakuyaona hayo, maana alikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, kumalizia kuandika tasnifu yake huko Kisangani kwa profesa wake. Neno lake la mwisho kwa mkewe halikuwa la mtoto.

"Ile kitu usiguse. Ibakie palepale."

Nadège ni mke mtiifu. Wiki hiyohiyo alimwita Rodrigue, fundi seremala, na dari ya triplex, zile mbao nyembamba, ikapanda. Pale penye kamba Rodrigue alitoboa tundu, kamba ikapita, kidude kikabaki palepale. Mchana ule Plamedi alilala hadi jua lilipoinama.

Huko Kisangani, Gauthier akaona joto linashuka kwenye simu. Angeweza kupiga nyumbani akauliza. Badala yake akaandika sura nzima kwamba miti ya mtaa wetu imepoza Bunia. Profesa alifurahi mno, akataka kuiona miti hiyo kwa macho yake kabla ya kupanga siku ya soutenance.

Walifika jua likiwa utosini. Profesa, tai shingoni na jasho mgongoni, aliuliza miti iko wapi. Mbuzi mmoja alituangalia. Gauthier akamkokota haraka ndani aone kipimo, nami nikajipenyeza nyuma yao, maana siku kama hiyo haikoswi. Wote wakainua macho, wakaiona dari.

"Museme polepole, Professeur," Nadège akanong'ona. "Mutoto iko analala."

"Mama Plamedi, nilikuambia nini?"

"Nisiguse ile kitu. Sikugusa. Angalia, iko palepale."

Profesa alijifuta shingo, akaketi, akanyoosha miguu. Nilidhani atamkemea mtu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ule fundi iko wapi? Hata kwangu mabati inatutesa."

Soutenance imesogezwa mwakani, na Gauthier anahitaji nyumba nyingine ya moto. Plamedi bado analala kila mchana. Jumapili baba yake alinijia na nyundo na msumari, akaanza kuyasifu mabati yangu. Nilimwambia akakitundike kidude chake shingoni mwa mbuzi, maana hao ndio waliofaidi miti.