Mkono wa Emilia, mguu wa Nikodemo na mashine moja ya nyasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Emilia Ndahani anasimama nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, anavuta pumzi, kisha anavuta kamba. Injini inawaka kwa mvuto mmoja. Anainua macho kumtafuta mumewe, aliyekaa juu ya ndoo iliyofunikwa karibu na uzio, naye mumewe anaitikia kwa kichwa.

Hawasemeshani. Hata wangetaka, kelele zingemeza maneno.

Hapa ni kwenye ukumbi wa mikutano wa mtu binafsi, nje kidogo ya Mji wa Serikali wa Mtumba, mashariki mwa Dodoma. Ni Februari na mvua zimefanya kazi yake: nyasi zilizokuwa kahawia tangu Juni zimepanda hadi kifundoni, na saa tatu kuna wageni wa semina. Emilia anasukuma mashine kwa mstari ulionyooka, anafika mwisho, anageuka.

Kisha anaona jiwe. Anaachia mshikio na injini inazima papo hapo. Anainama, analiokota, analitupa pembeni. Anavuta kamba tena, safari hii kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia limeshaanza kumsumbua na asubuhi bado mbichi.

Ardhi ya huku haina uhaba wa mawe. Mvua ikiosha udongo usiku, asubuhi yapo mengine ambayo jana hayakuwepo. Kila jiwe ni kuzima, na kila kuzima ni kuvuta kamba upya.

Kinachozima injini ni chuma chembamba kilicho sambamba na mshikio, ambacho wakata nyasi wanakiita breki. Ukikibana pamoja na mshikio, injini inaendelea. Ukikiachia, inazima na kisu cha chini kinasimama. Waliotengeneza mashine walikiweka makusudi, ili mtu akiteleza na kuanguka, kisu kisiendelee kuzunguka.

Tatizo ni kwamba kamba ya kuwashia na springi yake ndivyo vinavyochoka mapema kuliko vyote. Kwa hiyo wakata nyasi wengi wana ujanja wao. Wanafunga breki kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, injini inaunguruma tangu asubuhi mpaka kazi iishe. Kamba inadumu, bega linapumzika, na mashine inaongeza misimu. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana ujanja huu ni mgumu kuukataa.

Mashine ya Emilia haijafungwa. Mumewe, Nikodemo Chilongani, mwenye umri wa miaka 48, amekaa kwenye ndoo kwa sababu mguu wake wa kushoto unaishia katikati ya wayo.

“Mpira ule niliufunga mimi,” anasema Emilia wakati wa kupumzika, bila kuulizwa.

Si siri. Majirani zao wa Ihumwa wanajua, kanisani wanajua, na binti yao Anitha anajua. Miaka minne iliyopita aliyekuwa akisukuma mashine ni Nikodemo, na alikuwa akirudi nyumbani hawezi kuinua mkono kuvua shati. Emilia alimkanda kwa maji ya moto jioni baada ya jioni. Alipoona haisaidii, akaamka kabla yake, akachukua mpira waliokuwa wakifungia kuni, akafunga breki kama alivyoona wengine wakifanya.

“Nilimhurumia,” anasema. “Nilifikiri namsaidia.”

Nikodemo anakumbuka alivyoucheka mpira ule asubuhi hiyo na kumshukuru mkewe. Ulimpa nafuu kweli. Halafu siku moja, kwenye bustani ya nyumba moja yenye mteremko, nyasi zikiwa bado na maji, aliivuta mashine kinyumenyume kuelekea kwake, akateleza, akaanguka chali. Mikono iliachia mshikio kama mikono ya mtu yeyote anayeanguka. Mashine haikuzima. Ilimfuata kwa uzito wake.



Alipotoka hospitali, wateja walikuwa wameshaanza kutafuta watu wengine. Shamba lao dogo la zabibu kule Hombolo lisingeweza kulisha nyumba na kulipa ada ya Anitha. Emilia, ambaye sasa ana miaka 43, hakuitisha kikao. Aliiosha mashine ileile, akaukata ule mpira kwa kisu cha jikoni, akaanza kusukuma.

Tangu hapo wamegawana kazi. Emilia anakata nyasi. Nikodemo anahakikisha mashine inawaka kwa mvuto mmoja, ili mkewe asivute kamba mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha.

Ukitaka kujua mwanaume huyu anampenda mkewe kiasi gani, mtazame jioni anavyoshughulika na filta ya hewa. Anaitoa, anaigongagonga, anaiosha kwa sabuni, anaianika kivulini. Vumbi la Dodoma, anasema, ndilo linaloua injini nyingi huku, na watu wanasingizia kwamba mashine ni za Kichina. Anasugua plagi kwa msasa. Ananoa kisu, kwa sababu kisu butu kinaichosha injini bure. Petroli hanunui ya wiki nzima. Mvua zikikata, anaitoa yote iliyobaki ndani ya tangi, maana ikikaa miezi ya kiangazi inaganda kwenye kabureta, na mashine iliyolala vizuri mwezi wa tano inaamka na kisirani mwezi wa kumi na mbili.

“Nyingi hapa zinakufa ndani ya misimu mitatu,” anasema. “Hii ina tisa. Lakini mimi siihurumii mashine. Nahurumia lile bega.”

Kwa mwezi wa mvua wanapata kama shilingi laki mbili na nusu. Kiangazi, kwa zile bustani chache zinazomwagiliwa, kipato hakifiki nusu yake.

Maumivu ya bega la Emilia yamezidi mwaka huu. Wenzake wanamshangaa. Hamza, kijana wa Kolo, Kondoa, anayekata nyasi za majengo ya jirani, kila wakionana humwamkia shikamoo mama Anitha, kisha humwambia anajitesa bure. Mashine ya Hamza imefungwa mpira mweusi, raundi tatu, na anasema msimu huu wote hajabadilisha kamba.

Aliyemshangaza zaidi mwandishi wa makala haya ni Nikodemo mwenyewe. Alikiri kwamba usiku anamsikia mkewe akishindwa kulalia upande wa kulia, na kwamba msimu huu ameshawahi kukaa mbele ya mashine, mpira mwingine mkononi, akiwaza.

“Mimi ndiye mwenye huu mguu, na bado nilitaka kumfungia,” anasema. “Emilia akanikuta. Akaniambia, baba Anitha, ukifunga, sisukumi.”

Saa mbili kasoro dakika chache, robo ya uwanja ikiwa bado haijakatwa, kamba inakatika. Emilia anabaki na kipande mkononi. Nikodemo anachechemea hadi pale, anafungua kifuniko cha juu ya injini, na anaona springi nayo imeruka. Si kazi ya haraka.

Brightness, msimamizi wa ukumbi, anatoka ndani. Si mkali. Anaeleza kwa upole kwamba mwenye ukumbi alishalalamika wiki iliyopita, kwamba wageni hawawezi kukuta nyasi zimekatwa nusu kama kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi, na kwamba kuna kampuni inayoitaka kazi hii. Anaingia ndani akiangalia simu.

Hamza ameshayasikia yote. Anaisukuma mashine yake kupita geti na kuileta, na kwa hilo hawezi kulaumiwa. Alichoona ni mama wa watu anakaribia kupoteza kazi.

Emilia anautazama ule mpira mweusi. Nikodemo anautazama pia, kisha anainamia springi yake. Baadaye alieleza kwamba hakumkataza kwa sababu maneno yote aliyokuwa nayo yangewanyima chakula.

“Nitamalizia hapa pa tambarare tu,” anasema Emilia.

Anamaliza tambarare. Kazi inakwenda haraka kuliko alivyozoea, hakuna kuzima, hakuna kuvuta. Uso wake unalegea kidogo, na mtu anayemtazama anaelewa kwa nini mpira huu umeenea mji mzima. Kinabaki kipande cha mwisho, kinachoinamia mtaro wa maji. Anaendelea nacho kwa mashine ileile.

Nikodemo amemaliza kurudishia kamba. Anasimama na kuanza kumfuata kumwambia, akipita upande wa chini, kwenye mtaro, kwa sababu huko kwa mguu wake ndiko kuna njia nyepesi. Emilia anamwona. Na kwa mazoea ya misimu minne, anafanya kile anachofanya kila akimwona mumewe anasogea. Anaachia mshikio.

Injini haizimi.

Mashine inaondoka peke yake, polepole kwanza, ikishuka kuelekea mtaroni. Nikodemo anaiona inakuja. Anajaribu kurudi nyuma na mguu mfupi unakataa, anakaa chini kwenye nyasi. Emilia anajirusha na kushika mshikio kwa mikono yote miwili, bega na yote, na mashine inamburuta kabla ya kusimama. Hamza anafika mbio na kuisukuma swichi ya kuzima injini. Kisu kinazunguka bado, kinapungua, kinasimama.

Kimya kinachofuata kinawatoa wahudumu ndani, mmoja akiwa na sinia la vikombe.

“Ni sauti ileile,” anasema Nikodemo, akiwa bado amekaa. “Nilidhani nimeshaisahau.”

Emilia analia waziwazi, mbele ya Brightness, mbele ya wahudumu, mbele ya mwandishi mwenye daftari. Hamza anasema samahani mama, samahani baba, hajui amwambie nani zaidi.

Kisha Emilia anajifuta uso kwa upindo wa kanga na kuirudia mashine yake. Anavuta kamba mpya kwa mkono wa kushoto. Inawaka kwa mvuto mmoja. Kipande kilichobaki anakikata akizima na kuwasha kama kawaida, na magari ya kwanza ya wageni yanaingia akiwa hajamaliza. Brightness anawaelekeza wapite geti la pili. Kuhusu kazi yenyewe, anawaambia wasubiri simu.

Wiki iliyofuata, mwandishi alipowatembelea Ihumwa, simu ilikuwa haijapigwa. Ila Hamza alikuwa amepita. Alileta mashine yake akisema inasumbua kuwaka, na ilikuwa kweli, kwani mashine ambayo haizimwi huwa hakuna anayegundua mapema kwamba haitaki kuwaka. Nikodemo aliifungua kabureta, akaisafisha, akabadilisha plagi, akamwonyesha namna ya kuosha filta. Iliwaka kwa mvuto mmoja. Hela alikataa. Aliomba tu ule mpira ubaki kwake.

Hamza alisita, akauliza kamba zikianza kukatika atamwambia nini tajiri wake. Mwishowe aliufungua mwenyewe akaondoka. Kama amefunga mwingine huko mbele, Nikodemo hajui, na anasema hilo linamkosesha raha.

Mpira wenyewe ulikuwa umepewa kazi ya halali, umefunga mzigo wa kuni ukutani.

Mpango wa wanandoa hawa ni mashine inayowashwa kwa ufunguo. Nikodemo ameiona kwenye duka moja mjini, inauzwa zaidi ya milioni moja. Mashine hiyo haina haja ya kuvutwa, unazima kwa kila jiwe na kuwasha kwa vidole viwili. Wamekubaliana kwamba mavuno ya zabibu ya mwaka huu hayataguswa kwa jambo lingine baada ya ada ya Anitha. Hawana hakika kama yatatosha.

Emilia alipoulizwa anatarajia nini hasa siku wakiipata, hakuzungumzia bega wala kipato. Alimtazama mumewe aliyekuwa amenyoosha mguu kwenye mkeka, akinoa kisu.

“Nyumba hii ina miguu mitatu mizima,” alisema. “Nataka tuzeeke nayo yote mitatu.”