Mkono Uliokataa Tonge

Nimekosa, ndugu wasomaji, na nimekosa kwa mikono yote miwili. Mdomo nao haukubaki nyuma, lakini huo nitaufikia.

Mhariri, nakuomba jina langu usilitoe. Malindi ni mji mdogo, na mke wangu bado anahitaji kwenda sokoni bila kunyooshewa vidole.

Mimi ni mtu wa bara. Kinanda nilijifunzia kanisani kwetu, kile cha kukanyaga kwa miguu, kikuukuu, ambacho usipokikandamiza kwa nguvu zako zote hakitoi hata mlio wa mbu. Nikakua nikiamini kwamba muziki ni kazi ya kibarua: asiyetoka jasho hajapiga kitu. Kwetu walinisifu sana. Sifa zile ndizo zilizoniharibu!

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini niliteremka pwani, nikapata kazi ya kuandikisha wageni katika hoteli moja ya ufukweni. Kwenye ukumbi wa kulia chakula palikuwa na piano, na mpigaji wake alikuwa mtu nitakayemwita Athmani, ingawa silo jina lake. Asili yake ni visiwa vya kaskazini, na umri wake ni wa kaka yangu mkubwa. Ni yeye aliyenitafutia chumba cha kupanga mtaani kwao nilipokuwa sijui hata njia ya kwenda sokoni. Hilo likumbukeni.

Sasa nisikilizeni. Athmani alikuwa akikaa kwenye piano kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Mabega chini, macho nusu, viwiko vinaning'inia tu. Mikono ilipanda na kushuka taratibu, na muziki ukatoka mtamu hata wageni wakasahau supu yao. Mimi pale mapokezi nikawa natazama na kuungua roho. Nikajisemea, huyu bwana anawadanganya! Analipwa kwa kusinzia!

Hata hivyo nilimwomba anifundishe, naye akakubali bila maringo. Tukawa tunakutana alasiri, wageni wakiwa pwani.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Keti, hebu piga nisikie."

Nikampigia wimbo wa kanisani. Sikubakisha kitu! Glasi zikalia kabatini, na wahudumu wawili wakachungulia kuona kama kuna kilichoanguka. Athmani akanisubiri mpaka mwisho, kisha akaniwekea viganja mabegani na kuyateremsha.

"Mbona mabega yamekufika masikioni? Waogopa kupigwa?"

Nikayashusha. Yakapanda tena yenyewe.

"Na hapa je?" Akanishika kifundo cha mkono. "Umekaza kama mtu ang'ang'aniaye mti. Sauti ishatoka, bwana. Sasa wakandamiza nini tena? Wamkaba nani?"

"Bila nguvu muziki hautoki, kaka."

Akacheka. "Wajua kuchukua tonge la wali? Mkono waingia siniani umelegea. Vidole vyajikunja vyenyewe, kwa kiasi. Ukikaza, wali wamwagika. Ukinyoosha, wamwagika vilevile. Basi mkono wa piano ni huo huo. Uuache mkono uanguke kwa uzito wake, vidole viupokee. Na ukiumwa, wacha. Maumivu si mwalimu."

Na mimi, mpumbavu wa kuzaliwa, nikamjibu mbele ya wale wahudumu: "Kaka, mimi ni mpiga piano, si mla pilau. Mimi hula kwa kijiko."

Jamani! Wahudumu wakacheka, nikadhani wananiunga mkono.

Baada ya hapo nikaamua kujifundisha mwenyewe. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vipande, nikafunga vidole vyangu, nikawa navivuta juu na chini kwenye ukingo wa meza kila nitokapo kazini. Saa nzima, kisha saa mbili. Mikono ikawaka moto mpaka kwenye viwiko. Nikafurahi, nikadhani nguvu zinaingia. Kumbe ndizo zilikuwa zinatoka!

Mke wangu akanitazama siku moja, akauliza, "Baba, kwani wajifunza piano au wajifunza kukama ng'ombe?" Nikamwambia hajui sanaa. Akaenda zake kuchambua mchele.

Na sasa nalifikia kosa lenyewe. Meneja wetu, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa mtu wa kupenda kuona kazi ikifanyika. Mhudumu akisimama bila sinia mkononi aliitwa mvivu. Asubuhi moja aliponipita mapokezi nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayeitakia hoteli mema, kwamba Athmani siku hizi anasinzia kwenye piano. Nikaongeza kwamba wageni wamelalamika.

Hakuna mgeni hata mmoja aliyelalamika. Nilikuwa nalijua hilo kama nijuavyo jina langu.

Athmani akaachishwa kazi wiki ile ile. Hakuambiwa nani aliyesema. Akaenda Mtwapa kupiga kinanda kwenye baa, yeye mtu wa swala tano, mke na watoto akawaacha Malindi. Kila nilipompita mkewe mtaani alinisalimu vizuri, nami nikaitikia nikitazama viatu vyangu.

Piano nikapewa mimi. Nikanunua tai!

Natamani mngeniona. Nilipiga kwa mabega, kwa shingo, kwa meno. Jasho lilidondoka mpaka vibao vya piano vikateleza. Mabibi wa Kizungu walinionea huruma, na mmoja akainuka mezani kwake akaniletea glasi ya maji na kuniuliza kama nina homa. Meneja alifurahi sana. Hatimaye amepata mpiga piano anayefanya kazi!

Mikono ikaanza kuniuma hata nikiwa sipigi. Kidole cha pete na kile kidogo vikawa vizito, kama si vyangu. Nikazidisha mazoezi ya mpira. Nani angenishauri? Wa kunishauri nilikuwa nimemfukuzisha.

Haikupita miezi mingi. Siku moja, ukumbi umejaa na chakula ndio kwanza kinaletwa, mkono wangu wa kulia ukajikunja ukakataa kukunjuka. Nikaukung'uta, wapi! Nikamalizia wimbo kwa mkono wa kushoto peke yake, huku wa kulia nimeubana kwapani. Wageni wakadhani ni mchezo, wakanipigia makofi wamesimama. Ndugu zangu, hayo ndiyo makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kupigiwa maishani, na nilikuwa nimepiga nusu ya wimbo.

Daktari alisema mishipa imevimba kwa kukazwa bila kupumzishwa. Akaufunga mkono, akanikataza piano. Hoteli ikanunua redio ya kaseti, mimi nikarudishwa mapokezi, na hata huko kalamu ikanishinda. Vifungo vya shati nikafungiwa na mke wangu, na kila asubuhi aliniuliza habari za sanaa.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Bado.

Athmani akamwoza binti yake, nasi majirani tukaalikwa. Nisipokwenda ningejitangaza mkosaji, nikaenda. Baada ya nikahi tukaketishwa mikekani, watu wanne wanne kwa sinia moja. Pilau ikaja, na kachumbari, na nyama imelala juu. Wenzangu wakanawa, wakasema Bismillahi, wakaanza.

Nikapeleka mkono wa kulia. Ukafika siniani, ukachota, na njiani wali wote ukamwagikia mapajani. Nikarudia. Ukamwagikia kwenye mkeka. Mzee aliyekaa mbele yangu akatazama pembeni kwa heshima. Kwa kuchanganyikiwa nikainua mkono wa kushoto.

Mikono ya wenzangu ilivyosimama juu ya sinia sitaisahau! Mtu mzima, mwalikwa, nimeelekeza mkono wa kushoto kwenye sinia la watu! Nikaurudisha chini haraka, nikasema nimeshiba. Nimeshiba nini, na tonge hata moja sijala?

Athmani alikuwa akizunguka kuwakirimu wageni. Aliniona. Akaja akachuchumaa kando yangu, akanawa, akachukua tonge, akalipeleka kinywani mwangu.

"Kula, ndugu yangu. Leo ni furaha yangu, hatoki mtu na njaa."

Nikafungua kinywa kama mtoto. Akachukua la pili, na mara hii akalisimamisha hewani.

"Utazame mkono. Waona kifundo kilivyolegea? Nilikwambia."

Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa anafundisha! Katikati ya harusi ya bintiye alikuwa bado ananifundisha. Nikautazama mkono ule, nikaelewa kila kitu alichoniambia alasiri ile, nikiwa sina tena mkono wa kukifanyia.

Akanilisha. Kisha akainama, akaninong'oneza.

"Wewe wakaa pale mapokezi, mengi yakupita masikioni. Hukusikia ni nani aliyenisema kwa meneja? Si kwamba nataka kulipiza. Nataka tu kujua nilimkosea nini."

Kinywa changu kilikuwa kimejaa pilau yake. Nikatikisa kichwa. Nikatafuna, nikameza.

Hilo ndilo ungamo langu. Vidole nilivilipia, daktari anajua. Lakini ule mtikiso wa kichwa sijaulipia mpaka leo, na ni mwaka wa tatu sasa. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Nanyi vijana mnaojifunza piano, huko makanisani na mahotelini, nawasihi. Shusheni mabega. Legezeni vifundo. Kiti kikiwa kifupi tafuta mto, usiuinue mwili kwa shingo. Kibao kikishalia kiachie, hakuna aliyejificha chini yake. Mkono ukiuma, inuka ukatembee. Na ukimwona mtu anafanya kazi ngumu kana kwamba anapumzika, usikimbilie kwa meneja. Kaa karibu yake uulize.

Mimi piano siigusi tena, ila wimbo mmoja wa polepole kanisani mchungaji akikosa mtu. Mkono umerudi kidogo kidogo. Mke wangu ndiye aliyeufundisha, kwa sinia na wali mkavu, miezi mingi, akinicheka kila punje inayoanguka. Siku hizi naweza kuchukua tonge na likafika.

Athmani, najua ukirudi kutoka Mtwapa mkeo huwa anakusomea ukurasa huu, na najua umeshanijua tangu pale kwenye kijiko. Ni mimi niliyekusema. Hukunikosea kitu chochote, kaka. Ulipiga vizuri, basi.

Ijumaa baada ya swala pilau itakuwa tayari nyumbani kwangu, na mlango utakuwa wazi. Nitanawa, nitachukua tonge la kwanza nikupe wewe. Usipofungua kinywa, nitaelewa.