Mstari Ulionyooka wa Mto wa Night Soro

Kwa miaka kumi na moja Night Soro alisoma mto. Nyuma ya Hai Mauna, mtaa mmoja wa Juba, kuna khori, mkondo unaoteremka kutoka milima ya magharibi na kuingia kwenye mto mkubwa. Ukingoni mwake mradi mmoja wa maji ulisimamisha nguzo ya chuma yenye namba nyeusi na nyeupe. Night aliajiriwa kuisoma mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Alikuwa akiandika kwenye daftari la shule, kisha anatuma namba ofisini kwa simu. Alizaliwa ukimbizini Uganda, akasomea huko hadi darasa la saba, na alipenda hesabu. Majirani walimwita Mama Viola, kwa jina la binti yake.

Zamani khori ilikuwa na adabu. Ilianza kujaa Aprili, ikafura Julai mpaka Septemba, na Desemba ungevuka bila kulowesha vidole. Miaka ya karibuni adabu hiyo ilipotea. Mwezi Juni ungekuta mchanga mtupu, mbuzi wanalala katikati. Halafu siku moja wingu linasimama juu ya milima, Juba kwenyewe jua linawaka, na ndani ya saa moja maji yanapanda mita mbili. Night aliandika yote kama alivyoyaona.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo halikuwa na nafasi kwenye daftari. Kwenye kona ya juu ya khori, magari ya kunyonya vyoo yalikuja kumwaga mzigo wao. Chini kidogo, mabozo, malori yenye matangi ya kuuza maji ya nyumbani, yalishusha mipira yao na kujaza. Ili aifikie nguzo, Night alivaa mabuti ya mpira na kukanyaga tope lililochanganyika na kinyesi, nepi na chupa za plastiki. Akirudi nyumbani aliosha miguu kwa sabuni mara mbili kabla ya kugusa chakula, na bado alihisi ile harufu kwenye nywele. Alilalamika ofisini mara nyingi. Kila mara aliambiwa kwamba kazi yake ni kimo cha maji tu.

Mwaka jana mradi ulijenga barabara mpya inayovuka khori, na chini yake ukalaza mabomba matatu ya zege ya kupitisha maji. Kazi ilipokwisha, wasomaji wa nguzo walialikwa kwenye mkutano katika hoteli moja kando ya mto mkubwa. Night alikaa kiti cha nyuma. Mbele, mhandisi wa mradi aliyeitwa Tombe, ambaye wote walimwita Ustaz, alionyesha picha ukutani: mstari wa kila khori, siku kwa siku. Night akautafuta mstari wake. Akaukuta umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mwezi Mei, siku ambayo yeye alisoma mita tatu na sentimita arobaini, mstari ulisema mita moja na kumi.

Wakati wa chakula alimfuata Tombe mezani.

"Ustaz, hii mstari si ya mto yangu," alisema.

Tombe alikuwa anatafuna. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mama Viola, namba yako inarukaruka sana. Wakubwa wakiona hivyo watasema hatujui kupima. Kwa hiyo tulichukua wastani wa miaka ya zamani, tukajaza."

"Na mabomba ya barabara mlipima kwa namba gani?"

"Kwa hizo za ripoti. Zingine ziko wapi?"

Akacheka, akaongeza nyama kwenye sahani. Night alitazama mafuta yakimng'aa kwenye kidevu. Miaka kumi na moja ya kukanyaga kinyesi cha watu, mvua na jua, na siku alizokwenda akitetemeka kwa malaria, yote yalikuwa yametupwa kwa kuwa hayakupendeza machoni. Aliiacha sahani yake kama ilivyo, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake alifungua madaftari yake yote na kutafuta namba ya juu kabisa; ilikuwa ile ya Mei. Kisha akaenda kwa Nyaduoth, mwanamke aliyelelewa Kenya na ambaye sasa aliuza chai karibu na barabara mpya. Wawili hao waliazima mpira mwembamba wa mafundi wa ujenzi, ule unaojazwa maji ili kupata usawa, wakachukua rangi nyekundu, wakapita nyumba kwa nyumba. Kwenye kila ukuta Night alichora mstari mahali ambapo maji ya Mei yangefika kama mabomba yangezibwa. Kwenye nyumba nyingi mstari ulipita juu ya kitanda. Wengine walishukuru. Wengine walimtukana. Mzee Jubek, aliyekuwa na vyumba vya kupangisha, alisema anamfukuzia wapangaji, akaukwangua mstari kwa panga. Nyaduoth yeye hakungoja. Alimhamishia mama yake, Nyamuoch, asiyeweza kutembea, kwenye chumba cha juu karibu na kanisa.

Maji yalikuja Oktoba, saa saba mchana, bila tone la mvua mjini. Yalileta magogo na chupa maelfu, yakaziba mabomba yote matatu, kisha yakageuka na kuingia mtaani. Vyoo vya shimo vilipasuka. Kilichoingia majumbani hakikuwa maji. Watu walipanda juu ya mabati, na kwa bahati hakuna aliyezama. Kwa Jubek uchafu huo uliacha alama shubiri moja juu ya pale alipokwangua.

Lakini wiki mbili baadaye kipindupindu kikaanza. Mabozo yalikuwa bado yanachota mahali palepale. Mama yake Nyaduoth, aliyeepushwa na gharika kabla haijafika, alikunywa maji yaliyonunuliwa kwenye bozo, akafariki siku ya pili. Night alisaidia kumwosha. Alifunga kitambaa puani.

Baada ya mazishi Tombe alikuja na gari jeupe, amevaa buti mpya. Akamwambia Night kwamba wakubwa wanataka kimo halisi cha siku ile, kwa ajili ya ripoti ya mafuriko.

"Sasa mnataka ile inayoruka," Night alisema.

"Mama, yaliyopita yamepita. Nipe tu namba."

"Nguzo iko pale. Alama ya tope bado iko juu yake. Nenda ukasome."

Tombe alitazama chini. Kati ya barabara na nguzo kulikuwa na hatua thelathini za uchafu uliokuwa unachemka kwa nzi. Alisimama kidogo, akaziba pua, akaandika kitu kwenye simu yake akiwa juu ya barabara. Night alimwona akiandika mbili. Nguzo ilisema tatu na sitini na mbili. Night akatema mate chini, akamrudishia Tombe funguo za sanduku la vifaa vya mradi, na kazi yake ikaishia hapo.

Hakuacha kusoma mto. Siku hizi anausoma kwa ajili ya mtaa. Chini ya milima alimpata mvunja mawe aitwaye Lako, ambaye humpigia simu maji yanapofunika jiwe fulani kubwa. Tangu simu ile hadi maji kufika Hai Mauna ni kama dakika hamsini. Night humwambia Nyaduoth, Nyaduoth hupeleka habari kanisani, na kengele inapigwa. Imepigwa mara nne tangu hapo, na mara tatu maji yalikuja kweli.

Mwezi uliopita ofisi ilimtumia barua. Ilisema mradi unajivunia mpango wake wenyewe wa kutoa tahadhari mapema Hai Mauna, ikamwomba asimame kupigwa picha. Alimpa Nyaduoth aisome kwa sauti, halafu akamwomba asiendelee. Mabomba bado ni matatu. Magari ya vyoo bado yanamwaga kwenye kona ya juu, na asubuhi ile barua ilipofika lilikuwa limekuja moja tayari.