Lango la Bibi Wankuru, Mwaka wa Ndui

Nilitumwa Nyanungu kwa sababu ya ndui. Habari ilifika Tarime kwamba mwanamke mmoja ameugua, na bwana mganga alipotafuta mtu wa kwenda, mimi dresa, msaidizi wake wa kuchanja, ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Basi.

Alfajiri lori la mahindi lilinichukua hadi Nyamwaga. Hapo dereva akauliza nimebeba nini kikapuni. Nilipomwambia ni dawa ya ndui, akanishusha, eti barabara imekwisha. Barabara haikuwa imekwisha. Nikashika njia kwa miguu, na kwa kuwa dawa ile haipendi joto, kila kijito nilisimama kulowesha kitambaa nilichoifunikia, nikinung'unika peke yangu mpaka Matongo. Nikalala hapo.

Kesho yake mchana niliingia Nyanungu, kwa Bibi Wankuru. Bibi huyu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo, kwa desturi ya Wakurya, alimtolea mahari msichana aitwaye Robi, aje azae kwa jina la nyumba yake. Robi akamzaa Chacha, ambaye siku zile hakuwa hata na jino. Sasa Robi ndiye aliyekuwa mgonjwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa? Ingia, wenzako wamo ndani."

Nilichungulia mlangoni. Wanawake walijaa mle ndani, wamemzunguka Robi na watoto wao mgongoni. Niliwatoa wote nje nikawachanja, nikianza na Chacha.

"Bibi," nikasema, "kuanzia sasa asiingie mtu."

"Niwafukuze watu? Mgonjwa hutazamwa na watu. Nikiwafukuza leo, mimi atanizika nani?"

Nilimwambia tu nililolijua: anayeingia humu leo ataibeba ndui mpaka kwa watoto wake, na dawa niliyobaki nayo haiwatoshi. Akampakata Chacha. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui ya utotoni, na ugonjwa huo huo ulimnyang'anya baadhi ya wadogo zake. Kisha alinyanyuka, akaburuta tawi la miiba, akaziba lango la boma.

Asubuhi iliyofuata alifika dada yake kutoka Genkuru, na unga kichwani.

"Rudi, dada. Usiingie," Bibi Wankuru akamwambia.

"Nimetembea njia yote hii, unaniambia nirudi?"

"Rudi. Watoto wako wanakungoja."

"Kumbe mimi kwako ni mchawi."

Huku, ukimzuia mtu asimwone mgonjwa wako, umemwambia hivyo hivyo mbele ya watu. Dada mtu aliutua unga chini, akaondoka. Bibi Wankuru alibaki ameshika lile tawi mpaka mwenzake akapotelea kwenye mtama. Nililia, wala sioni haya kusema.

Robi alifariki. Tulimzika sisi watatu: Bibi Wankuru, mimi na jirani mmoja mzee aliyekwisha kuugua ndui zamani. Hakukuwa na kilio wala matanga. Majirani walisimama mbali, na nilisikia wakisema kwamba mama huyu ana roho ya jiwe. Usiku ule Bibi Wankuru hakula. Alimnywesha Chacha maziwa ya ng'ombe, kidogo kidogo, kwa kijiko changu.

Nilikaa mpaka kidonda cha chanjo mkononi mwa Chacha kikakauka, na mtoto hakuugua. Ndipo nikashika njia ya kurudi.

Nilipopita Genkuru nilimkuta yule dada shambani, anapalilia. Watoto wake walikuwa wanakimbizana mitaroni, wazima kabisa. Nikamwamkia, nikamweleza kwa nini alizuiwa.

"Ndui gani?" akasema. "Hapa nani ameugua?"

"Hakuna, mama."

"Sasa alinifukuzia nini?"

Nikamwonyesha watoto wake. Aliwatazama, akanitazama na mimi, kisha akainama kupalilia.

Tangu safari ile, vijiji ambavyo ugonjwa haujafika ndivyo ninavyovitembelea kwanza. Nakaa na watu, naeleza, nabishana nao, wananicheka. Nataka siku ndui ikifika kwao, lango lifungwe na kijiji kizima. Bibi Wankuru alilifunga peke yake, na nilipomwacha hakuna aliyekuwa akimpa salamu.