Mgeni Niliyemwambia Azunguke Nyuma

Kwa mshauri nasaha nilikwenda kama mbuzi anavyokwenda kuogeshwa: kwa kuvutwa. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Uroa, na asubuhi hiyo nilimzuia mlangoni mwanamke mweusi tititi, kajifunga kanga, kashika kikapu. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kiofisi, "Bibi, wauza vitu hawapiti hapa. Zunguka nyuma."

Akatoa simu, akanionesha chumba alichokodi, kile kizuri kuliko vyote. Alikuwa daktari, katokea Bara.

Meneja akanipa hiari: mshauri au barua ya kufukuzwa. Nikachagua mshauri, maana barua haina masikio.

Ofisi yake iko Michenzani, ghorofa ya nne. Ngazi zile mtu hutubu kabla hajaulizwa kosa. Nikamkuta mama wa makamo, anapangusa miwani kwa buibui.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaa, nieleze."

Nilikuwa nshajitayarisha. Nikamweleza Wazungu wanavyonidharau. Mmoja alinikabidhi chupi zake nikafue, na mimi nimesimama nyuma ya meza ya mapokezi. Nikalia kidogo, kwa kipimo.

Akanipa pole, ya kweli. Kisha akasema, "Lakini yule daktari si Mzungu. Ulipomuona, ulimuona nani?"

"N'lidhani muuza maandazi."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikajikuta namhadithia bibi yangu mzaa baba, nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Dada yangu alichukua rangi ya ukoo wa baba, waliotoka Arabuni. Mimi nikachukua ya mama. Wageni wakija, dada hukaa sebuleni kama chombo cha kaure. Mimi bibi hunambia, "Wewe zunguka nyuma, kachemshe kahawa."

Maneno yalikuwa yale yale. Safari hii nikalia bila kipimo, makamasi na yote.

Nikadhani tumemaliza, nshakuwa mdhulumiwa, nirudi kwangu. Mama yule akaniuliza, "Na kazi uliipataje?"

Swali baya. Mwenye hoteli alisikia jina la ukoo wetu, akaniajiri palepale. Siku hiyo hiyo alikuja msichana wa Makunduchi, Kiingereza chake kinateleza kuliko changu. Yeye alipelekwa kufua mashuka.

"Kwa hiyo rangi imekuumiza, na jina limekubeba," akasema. "Yote mawili yako. Usichague linalokupendeza."

Mama yangu aliposikia nakwenda kwa mshauri alikasirika. "Kwani mimi nshakufa, hata ukamwage siri za nyumba kwa watu?" Nikaendelea kwenda.

Baada ya wiki kadhaa nikampigia daktari kumtaka radhi. Nilitegemea anisamehe, ikiwezekana na yeye alie kidogo. Akasema, "Nimekusikia. Kusamehe bado. Nikiwa tayari nitakupigia mwenyewe." Akakata. Mpaka leo hajapiga, na simlaumu.

Lililobaki lilikuwa la msichana wa Makunduchi. Nikamsumbua meneja amhamishie mapokezi, mpaka akawa akiniona anajificha chooni. Mwishowe akakubali. Sasa tunakaa naye meza moja, na kila nikikosea Kiingereza ananisahihisha mbele ya wageni, kwa sauti. Nnachukia kweli. Nnameza, nnasema ahsante.